Ilikuwa Imelala

…na hii ya kijani, anasema kijana wa duka, inatoa mvuke hata ukiishika wima, unanyoosha koti likiwa limetundikwa, huhitaji hata ubao, na mimi natikisa kichwa kama mtu anayesikia, na kweli nasikia, nasikia wimbo wa duka ukizunguka juu ya vichwa vyetu kwa mara sijui ya ngapi, wimbo wa kitoto unaosifu betri na balbu, nasikia viatu vyangu vya theluji vikilia kwenye sakafu kila nikihamisha mguu, nasikia simu mfukoni ambayo bado haijalia lakini italia, maana kaka Kazunari akisema atapiga kabla ya saa nane anapiga kabla ya saa nane, hajawahi kuchelewa kitu maishani mwake, na anataka neno moja tu, ndiyo, Chizuru, sema ndiyo niwapigie wale watu, chumba kimepatikana na hakitatungoja, kana kwamba chumba ni treni… kimepatikanaje, hilo hakulisema na mimi sikuuliza, vyumba vya makao ya wazee vinapatikana kwa njia moja tu… na mimi nipo hapa nachagua pasi. Pasi ya mvuke, ya matumizi ya nyumbani, ya kuaminika, hivyo ndivyo nilivyomwambia huyu kijana, Igarashi, jina liko kifuani, akauliza kwa adabu, ya kuaminika kwa namna gani, mteja, inayodumu au inayonyoosha vizuri, nikasema isiyounguza nyumba, akacheka kidogo, halafu akaona sicheki, akaacha.

Zimepangwa kama viatu vya wageni mlangoni, pua zote upande mmoja, za bluu, za waridi, moja ya rangi ya dhahabu, nani anapiga pasi na dhahabu, na kila moja ina kikaratasi kinachojisifu, mvuke mwingi, mvuke mwembamba, tumbo laini, inazima yenyewe, hapo macho yangu yanasimama, inazima yenyewe, nakishika kikaratasi kwa kidole kana kwamba kitakimbia, na Igarashi anaona, ana macho ya haraka huyu, anasema ndiyo, hizi zote za rafu ya juu zinazima zenyewe ukizisahau, na mimi moyoni nasema ya mama nayo ilikuwa inazima yenyewe, ilikuwa na maandishi hayohayo, na angalia ilivyotufikisha. Nyuma yetu mzee mmoja amelala kwenye kiti cha kukanda mgongo, kile cha maonyesho, mdomo wazi, kiti kinamtikisa mabega naye hana habari, hakuna anayemwamsha, hakuna anayesema huyu mzee amesahau yuko wapi tumtafutie chumba, amelala tu katikati ya duka la Nagaoka na theluji inaanguka nje, na watu wanampita kama fanicha. Mama hawezi kulala hivyo. Mama akilala mchana siku hizi, mimi nasogea kuangalia kama kifua kinapanda.

Asubuhi alipiga simu mwenyewe, sauti safi, haikutetemeka, akasema Chizuru, ukija niletee pasi, Kazunari kanichukulia yangu kama askari anayemnyang'anya mlevi kisu, na suruali za baba yako hazijaisha kunyooshwa, nataka kumpa Nagumo, kiuno chao ni kimoja, siwezi kumpa jirani nguo za marehemu zina makunyanzi kama uso wangu… akacheka, mimi sikucheka, nilikuwa nafanya kile ninachofanya siku hizi kila akifungua mdomo, naweka alama, sentensi hii nzima, hii nzima, hapa karudia, hapa kaniita Hatsue, na Hatsue ni dada yake, alishakufa, najiona nimekuwa mwalimu anayesahihisha mtihani wa mama yake mwenyewe, na ninajichukia, lakini siachi. Nikasema sawa mama nitaleta. Nilisema kabla sijafikiri, na kaka alipopiga baadaye kunipa habari ya chumba, nikamwambia nipe muda kidogo, naenda dukani, akauliza kununua nini, nikasema pasi, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu anayoitumia ofisini kwa watu wanaotaka kurudishiwa pesa, "Pasi ya nani, Chizuru?"

Ya nani… na hii nyeupe, anasema Igarashi, ni nyepesi kupita zote, akina mama wenye umri wanaipenda, mkono hauchoki, ananipa niishike, kweli nyepesi, kama imejaa hewa, naigeuza, nauona uso wangu kwenye tumbo lake umevutika kama wa samaki, namrudishia. Alama ya kwanza ya kuungua ilikuwa Januari, mwaka mpya haujakauka, hata keki za mchele zilikuwa hazijaisha jikoni, alama kwenye mkeka wa tatami mbele ya kabati, umbo kamili la pasi, kahawia, pua imechongoka kuelekea dirishani, mama akaifunika na kizulia na mimi nikaiona kwa sababu kizulia kile hakijawahi kukaa pale. Ya pili ilikuwa mto wa kukalia, na ule ukafuka moshi, king'ora cha darini kikapiga kelele, mzee Nagumo wa jirani akaingia mbio na koleo la theluji mkononi na viatu miguuni mpaka chumbani, viatu chumbani, jambo hilo mtaani kwetu litasimuliwa mpaka siku ya mazishi yake, akaukanyaga mto ukazima, ndiyo basi, hapakuungua kitu kingine. Lakini mama kesho yake alivaa vizuri, akanunua maboksi ya vitamutamu, akaenda nyumba za mbele na za pande zote mbili, kila mlango akainama mpaka kiunoni, nimewatia hofu, nimewatia hofu, na mimi nikamfuata nyuma kama mtoto, nikiinama akiinama, na nilikuwa naungua kuliko ule mto. Mama yetu, aliyetembea jioni za baridi miaka nenda miaka rudi na kikundi cha mtaa, akigonga vile vipande viwili vya mti, ka, ka, akiita jihadharini na moto, sauti yake ilizidi za wanaume, sisi watoto tulikuwa tunajificha chini ya blanketi la meza ya joto kwa aibu tukiisikia inakaribia, na jirani wakisema mama yenu huyo anakuja, zimeni majiko… mama huyo ndiye aliyekuwa anaomba radhi.

Na kujitetea kwake kulikuwa maneno matatu manne tu. Ilikuwa imelala. Kaka amekuja na treni ya haraka kutoka Omiya, hajavua hata koti, amepiga magoti mbele ya ile alama anaipima kwa kiganja, na mama amekaa wima, mikono mapajani, anasema, "Ilikuwa imelala. Niliangalia." Kwetu pasi iliyozimwa inaitwa imelala, ni neno la mama, tumekua nalo, kwa hiyo hapakuwa na la kueleweshana, alichosema ni kwamba pasi ilikuwa imezimwa, na mkeka unasema hapana, basi, kesi imekwisha. Jikoni kaka alinisogelea akanong'ona, mikono yake inanuka majivu ya ule mto, anasema aliangalia, Chizuru, aliangalia nini? Taa ya kitako ilikuwa inawaka nyekundu, pasi ina moto wa kukaanga yai, yeye anasema imelala kama paka… na alitaka kucheka kisha uso ukamgeuka, akafungua bomba la maji bila sababu, akasema nikisikia gari la zimamoto huko Omiya nashtuka usingizini, unaelewa, Omiya, na moto wa Omiya unanihusu nini mimi. Nilielewa. Sitamfanya kaka kuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi, angekuwa mbaya ningeshasema hapana, nisingekuwa hapa nahesabu vitundu vya mvuke. Aliifunga pasi kwenye gazeti, akaitia kwenye begi lake, akarudi nayo kwake, na mama akamsindikiza mlangoni akamwambia angalia barafu kwenye ngazi.

Sasa samahani, mteja, anasema Igarashi, nyumbani mnapiga pasi mmesimama au mmekaa chini? Namwambia amekaa. Nani? Mama. Aa, ni ya mama, anasema, na uso wake wote unafunguka, kana kwamba sasa ndiyo tumefika, anasema basi tusihangaike, kwa mzee anayekaa chini na ubao mfupi, ni hizi, na anapitisha mkono mbele ya rafu ya juu yote, hizi zisizo na waya, unaipasha moto kwenye kitako chake, unainyanyua, unapiga, unairudisha, hakuna kitu cha kumkwaza mguu… najua, nasema, anayo, alikuwa nayo, kaka yake, kaka yangu alimnunulia alipotimiza miaka themanini, ya bei, ya kisasa. Na haikufanya vizuri? anauliza Igarashi. Unamwambiaje kijana wa watu. Ilifanya vizuri sana ndugu yangu, iliunguza kila ilichowekwa juu yake.

Na hata hakuitumia, hilo ndilo la kuchekesha, alipopewa alisema mmh, nzuri mno hii, akairudisha kwenye boksi lake na boksi akaliweka juu ya kabati, kama alivyofanya na taulo za harusi yangu, kama alivyofanya na vikombe vya Hatsue, kitu kikiwa kizuri kwa mama basi kinangoja siku ambayo haifiki, akaendelea na lile pasi lake la zamani, zito, la tumbo jeusi, waya umevishwa kitambaa cha mistari, ulishakatika akaufunga na utepe, na angeendelea nalo mpaka leo, ila mwisho wa mwaka kaka na mkewe walikuja kumsaidia usafi mkubwa, na kaka alipolishika lile pasi akasema mama, hili ni bomu, akalipeleka mwenyewe kwenye taka za vyuma, akashusha boksi juu ya kabati, akachomeka kitako ukutani, akamwonyesha, unaona mama, taa nyekundu moto, taa ya kijani tayari, haina waya, hakuna tena cha kukatika. Mama akasema asante mwanangu. Hakuna mtu aliyekosea pale, nawaona, wote wanapendana, kaka anafuta kabati, mkewe anaosha vioo, mama anainama asante.

Nimwambie Igarashi anipe ya kijani nitoke. Saa ya ukutani inasema zimebaki dakika chache saa nane ifike, na hata nikinunua, je, kaka atamruhusu, na nikimpa kwa siri na mtaa ukaungua, nyumba za mbao zile zimebanana, zimeshikana mapaa, nani atakayeenda na maboksi ya vitamutamu safari hiyo, mimi, nikainame milango mingapi… na upande mwingine huko makao ya wazee hawampi mtu pasi, niliwauliza siku tuliyotembelea, yule msimamizi alicheka vizuri tu akasema nguo zote tunafua sisi, hawana haja ya kujisumbua, na wote waliokaa pale sebuleni walivaa zile nguo laini zisizohitaji kunyooshwa, wazee wa kike na wa kiume, sare moja, mama aliwaangalia, akavuta pindo la shati lake likae sawa. Kwenye gari alisema chakula chao kinanukia vizuri.

Halafu lile la juma lililopita, nilipokunja matandiko yake nikaanike godoro, chini yake nikakuta magazeti, na kati ya magazeti suruali ya baba, na leso sita, zimelazwa moja moja, zimenyooka, nikasema ndiyo hii, imefika, anamlalia marehemu suruali, nikampigia kaka, kwa nini nilimpigia, mdomo wangu huu, na kaka akasema unaona sasa… Lakini tulilala juu ya nguo zote sisi, utoto mzima. Sketi yangu ya shule yenye marinda, kila usiku mama ananipangia rinda juu ya rinda, anafunika gazeti, anatandika godoro, usigeuke, ananiambia, ukigeuka kesho utaenda shule na marinda yanayopigana, na mimi nalala kama maiti, mikono ubavuni, asubuhi sketi imetoka kama kisanduku kipya, na kaka na suruali yake hivyohivyo, sasa mtu kanyang'anywa pasi na ana suruali za kunyoosha, alale juu yake au afanye nini. Angekuwa amechanganyikiwa zingetoka zimekunjamana. Niliiinua ile suruali, mstari wa mbele ulikuwa umenyooka ungeweza kukata tofu. Niliona, nikaona na macho yangu, halafu nikapiga simu kwa kaka nikamweleza habari ya suruali ya marehemu na sikumweleza habari ya mstari.

Tazama hapa, anasema Igarashi, kwa sababu naona hujaridhika, mteja, labda hujaiona inavyofanya kazi, na anainyanyua ile nyeupe kutoka kwenye kitako chake, anaigeuza nyuma mbele, ananielekezea kisigino chake, anapitisha kidole pale, anasema, huku nyuma ni tupu kabisa, haina kitu, ukiinyanyua hivi iko huru. Naangalia pale kidole chake kinapopita. Laini. Nyeupe. Mkono wangu umeshanyoosha vidole, sijui nimeunyoosha lini, unatafuta kitu nyuma ya ile pasi, unatafuta kuvuta, na hakuna cha kuvuta… subiri. Samahani, nasema, subiri kidogo. Asubuhi za nyumbani, mimi na kaka tumeshavaa viatu, tumesimama pale chini pa kuvulia viatu, mabegi mgongoni, baba anachota theluji nje, na mama anarudi chumbani mara ya mwisho, tunamwona kupitia mlango, anachomoa plagi ukutani, anaufuata waya kwa mkono mpaka mwisho, anaiinua juu ile plagi ining'inie tuione wote wawili, "Mnaona? Imelala." Na sisi lazima tujibu, mmoja mmoja, ndipo mlango ufunguliwe. Imelala. Kaka alipofika miaka kumi na miwili aligoma, rafiki zake walikuwa wanamsubiri nje wanasikia kila kitu, alisimama pale amevimba kama andazi, na mama alisimama ameinua plagi, wala hakukasirika, theluji inaingia, baba anauliza kuna nini, mpaka kaka akasema kwa sauti ya chini, imelala, na mama akashusha mkono akasema haya, nendeni salama. Na akishachomoa alikuwa na haraka yake nyingine, alipiga leso na lile joto linalobaki, haupotezi moto uliokwishalipiwa, halafu pasi inakaa popote, mkekani, kwenye mto, tunairuka, kwa sababu ikishalala na leso zikishapita juu yake ni chuma tu.

Aliangalia nini. Ndilo swali la kaka, pale jikoni, bomba limefunguliwa, aliangalia nini. Aliangalia waya. Miaka sitini mama anaangalia waya, kama waya umetoka ukutani pasi imelala, hana kipimo kingine na hajawahi kukihitaji, hakuunguza hata leso, lile bomu la waya uliofungwa utepe halikuunguza hata leso, nyumba ile haikuwa na alama moja mpaka wiki ile ambayo bomu lilitupwa na hii ya salama ikashushwa juu ya kabati… na mama akainyanyua kutoka kwenye kitako chake, akaangalia, waya wa ukutani ni wa kitako tu, yenyewe haina waya popote, hakuna pasi duniani iliyolala kuliko hiyo, akaiweka mkekani akageuka kupanga nguo. Hakusahau. Mungu wangu, hakusahau kitu, alikumbuka vizuri mno, alifanya kilekile alichotufundisha, na sisi tukapiga magoti mbele ya alama tukaipima kwa kiganja, na yeye akatuambia, alituambia kwa maneno yetu wenyewe, ilikuwa imelala, niliangalia, na sisi tuliolelewa na maneno hayo ndio tuliotazamana.

Kuna tatizo, mteja? Hapana, nasema, na machozi yanataka kunitia aibu mbele ya majiko ya wali, hapana, naomba uniambie, mnazo za waya? Igarashi anapepesa macho. Za waya zipo, anasema, anachuchumaa, ziko rafu ya chini kabisa, mbili tu, anaivuta moja, ina vumbi, anaipangusa na mkono wa shati lake, anasema hii kwa kweli sikuileta mbele kwa sababu ni muundo wa zamani kidogo, nzito, mvuke wake wa kawaida tu, wengi hawaiulizi. Nachuchumaa naye, magoti yanalia. Waya wake umekunjwa na kufungwa kamba ya plastiki, naifungua, sijauliza ruhusa, naufuata kwa mkono mpaka mwisho, plagi, vijino viwili, baridi. Pole pole, Chizuru. Usijitie wazimu wa furaha. Kaniita Hatsue leo asubuhi, hilo limetokea, na majuzi nilikuta figili kwenye beseni la kuogea, imeoshwa vizuri, imengojea pale siku mbili, na hilo nalo limetokea, mama anazeeka na kuna siku chumba kitatafutwa, sisemi haitakuja, inawezekana iko njiani na theluji hii hii. Lakini kama sababu ni figili, basi kaka aje aseme ni figili. Siyo hii. Hatumtoi mtu nyumbani kwake kwa kosa ambalo hakulifanya.

Simu inalia. Saa nane kasoro, bila shaka. Igarashi anainua mkono kwa adabu, endelea tu, anabaki amechuchumaa pembeni yangu, ile nyeupe mkono mmoja na ile ya kijani mkono wa pili kama mtu aliyeachiwa watoto, na wimbo wa duka umeanza upya, betri na balbu, na kaka haanzi hata na salamu, anasema wananingoja kwenye laini nyingine, niwaambie nini, nimekuwa mvumilivu, Chizuru, na ni kweli amekuwa mvumilivu, sauti yake imechoka, nyuma yake nasikia mtu anacheka ofisini.

"Kaka," nasema, "ile pasi uliyomnunulia mama ina waya?"

"Haina. Ndiyo maana niliinunua. Hebu sikia…"

"Tukitoka kwenda shule, mama alikuwa anainua nini?"

Anasema, nini? Nasikia yule mtu wa ofisini anacheka tena, nasikia mlango unafungwa, kicheko kinakatika, kaka ametoka kwenye korido au wapi, nasikia pumzi zake tu, na mimi nimeishika plagi, nimeiinua, juu ya bega, waya unaning'inia mpaka sakafuni, Igarashi anaiangalia, na mzee wa kiti cha kukanda amefungua jicho moja anaiangalia, na kaka yuko Omiya, haoni chochote, kuna milima yote ile kati yetu na theluji juu yake. Nangoja. Mkono unaanza kuuma lakini siushushi.

"Imelala," anasema kaka, kwa sauti ya chini.